Rangi ya nguo, vita na dawa ya mseto: kemia iliyofika Mchukwi

Umepata homa, umechomwa kidole, umekaa kwenye benchi nusu saa. Dirisha la maabara linafunguliwa, unaambiwa: "Una malaria mbili." Ukifika nyumbani unasema hivyo hivyo, na kila mtu anaelewa. Lakini hebu jiulize: aliyeziona hizo mbili alizionaje? Kimelea cha malaria hakina rangi. Kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu ambayo upana wake ni kama milimita 0.007 tu. Hata ukiwa na hadubini nzuri, damu isipotiwa kitu utahangaika sana kumtofautisha mdudu na takataka.

Kinachomtoa mafichoni ni rangi. Mtaalamu wa maabara anapaka damu kwenye kioo, anaiacha ikauke, anaitia rangi iitwayo Giemsa, na kiini cha kimelea kinatokea kwa wekundu wa zambarau ndani ya kipete cha bluu. Giemsa ni jina la mtu. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia wa Kijerumani, na kati ya mwaka 1895 na 1898 alifanya kazi huku kwetu, katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alirudi kwao, akaongoza idara ya kemia kwenye taasisi ya magonjwa ya tropiki kule Hamburg, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akatoa mchanganyiko wake wa rangi ambao mpaka leo uko kwenye maabara zetu.

Sasa, mfamasia alikuwa anahangaika na rangi kwa nini? Hapo ndipo historia ya kemia inaponoga. Nitaisimulia nikiwa nimeegemea sehemu moja: Mchukwi, kata iliyo katika wilaya ya Kibiti, kwenye nchi ya Mto Rufiji. Nimeichagua kwa sababu. Mto huu na delta yake vimepitiwa na vita na dawa vilivyobadilisha kemia ya malaria, na Mchukwi yenyewe, kama utakavyoona, ilikuja kuwa miongoni mwa kata ambazo watu wake walihesabiwa nyumba kwa nyumba, mpaka ikajulikana nani kazaliwa na nani kafa.

Tuanze mbali kidogo, Amerika ya Kusini. Kwenye milima ya Andes kuna mti wa sinkona, na gome lake ni chungu kweli kweli. Wamisionari Wajesuiti walilipeleka Ulaya katika karne ya 17 kama dawa ya homa. Kwa miaka karibu 200 watu walisaga gome, wakanywa na divai, bila kujua ndani yake kuna nini. Mwaka 1820, jijini Paris, wafamasia wawili, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kutenga kile kitu chenyewe kinachofanya kazi. Wakakiita kwinini. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gome moja huwa kali, jingine dhaifu, lakini kwinini iliyotengwa unaweza kuipima kwenye mizani. Kipimo cha dawa kama tunavyokielewa, "vidonge viwili mara tatu", kinaanzia kwenye kazi ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba mti ulikuwa mmoja na wenye kuutaka walikuwa wengi, hasa madola yaliyokuwa yanatafuta makoloni. Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, aliuza mbegu bora za sinkona kwa Waholanzi, nao wakazipanda Java mpaka kisiwa hicho kikashika sehemu kubwa ya kwinini yote ya dunia. Aliyezikusanya mbegu zile porini hakuwa Ledger, alikuwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia. Baadaye alikamatwa na kupigwa kwa kutoa mbegu nje ya nchi, na akafa kwa majeraha. Jina lake halimo kwenye vitabu vingi vya kemia. Mimi naona lingestahili kuwamo.

Wakati huo huo wanakemia walikuwa wanajiuliza: kwa nini tusiitengeneze kwinini wenyewe? Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alijaribu. Alikuwa anajua fomula tu: kaboni 20, haidrojeni 24, naitrojeni 2, oksijeni 2. Akachukua kitu kilichotokana na lami ya makaa ya mawe, chenye kaboni 10, haidrojeni 13 na naitrojeni 1. Akafikiri: nikichukua viwili vya hivi, nikaongeza oksijeni, nikatoa maji, hesabu inakubali. Na kweli, kwenye karatasi inakubali. Jaribu mwenyewe kujumlisha.

Ila molekyuli haiko kama kikapu cha machungwa kwamba ukiwa na idadi sawa basi umepata kitu kile kile. Inategemea kila atomi imeshikana na ipi. Ni kama kuwa na matofali, mbao na mabati ya kutosha nyumba moja: unaweza kujenga nyumba, na unaweza kujenga banda la kuku. Perkin alipata tope jekundu. Aliporudia jaribio kwa kutumia anilini, akapata tope jeusi, na alipokuwa anasafisha chupa yake kwa spiriti akaona zambarau nzuri ya ajabu. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya kwanza ya nguo iliyotengenezwa maabara na kuuzwa kama biashara, na akatajirika.

Kutokea hapo kemia ikahamia kwenye nguo. Kampuni za Ujerumani kama Bayer na Hoechst zilianzishwa mwaka 1863, BASF mwaka 1865, zote kwa ajili ya rangi. Mpaka mwaka 1897 BASF ilikuwa inauza nili iliyotengenezwa kiwandani, ile bluu nzito ambayo kwa karne nyingi ilikamuliwa kwenye mmea. Kama bibi yako alivaa kaniki, unajua ninazungumzia bluu gani. Wakulima wa nili wa India ndio walioumia. Kiwanda kimoja Ujerumani kiliweza kuua zao la watu walioko bara jingine.

Turudi kwenye damu. Moja ya rangi hizo, bluu ya methilini, ilitengenezwa BASF mwaka 1876. Paul Ehrlich, daktari aliyependa rangi kuliko kitu chochote, aligundua kwamba rangi hazishiki kila mahali. Nyingine hushika neva, nyingine hushika vimelea na kuacha tishu ya mwili. Akawaza: kama rangi inamchagua mdudu, basi huenda inaweza kumuua mdudu na kumwacha mgonjwa. Mwaka 1891 yeye na mwenzake Guttmann waliwapa bluu ya methilini wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin. Wakapata nafuu. Mkojo wao ulikuwa wa bluu, lakini walipata nafuu. Wazo hilo, kwamba unaweza kuitafuta molekyuli inayomlenga mdudu peke yake, ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya kabati la dawa unaloliona hospitalini leo.

Kwa hiyo Giemsa alipokuja pwani yetu mwaka 1895, rangi na malaria vilikuwa vimeshakutana. Robert Koch naye alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Kuanzia mwaka 1901 Wajerumani walijaribu pale Dar mpango wa kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini wale waliokutwa na vimelea. Usidhani ilikuwa huruma tupu. Koloni lenye maofisa wanaokufa kwa homa halikusanyi kodi.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Hapa ndipo Rufiji inaingia. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha kwenye vijito vya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Ilikaa humo mpaka Julai 1915, Waingereza wakiwa nje baharini na mabaharia wakiwa ndani na mbu. Wazee wa delta wangeweza kuwaambia mapema nini kinampata mgeni anayelala mikokoni. Wengi wao waliugua malaria. Mwisho meli ilipigwa, ikazamishwa na wenyewe, na mizinga yake ikavutwa nchi kavu.

Wajerumani wa huku walikuwa wamezingirwa baharini, dawa kutoka kwao hazifiki. Walikuwa na akiba moja: kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, ambako sinkona ilikuwa imepandwa. Wakatengeneza kwinini humo humo. Jeshi liliposogea mbali na Usambara wakachemsha gome lenyewe na kunywa maji yake, chungu kupita maelezo. Askari wao wakalipa jina la utani la pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao Lettow-Vorbeck. Fikiria: miaka karibu 100 baada ya Pelletier na Caventou, wanajeshi wa nchi yenye viwanda vikubwa vya kemia duniani wamerudi kuchemsha magome kama wazee wetu wanavyochemsha mwarobaini.

Upande wa Waingereza haukuwa na nafuu. Maelfu ya wanajeshi kutoka Afrika Kusini walirudishwa kwao wakiwa hoi kwa malaria, na mvua za mwaka 1917 ziliwakuta wenzao kando ya Rufiji mto umefurika na chakula hakuna. Na wapagazi, waliochukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Katika kugawana dawa, wao walikuwa wa mwisho.

Kule Ujerumani kwenyewe vita ile iliacha fundisho chungu kama lile gome: usiitegemee Java. Kampuni ya Bayer ikairudia bluu ya Ehrlich, ikawa inabadilisha molekyuli yake kipande kwa kipande. Katikati ya miaka ya 1920 wakapata plasmokini, mapema miaka ya 1930 wakapata mepakrini, na mwaka 1934 Hans Andersag akatengeneza kitu walichokiita Resochin. Walikijaribu, wakaona kina sumu mno, wakakiweka kando.

Mwaka 1942 Japani ikaiteka Java, na safari hii waliokosa kwinini ni Waingereza na Wamarekani. Askari wa KAR, wakiwemo Watanganyika, walipopelekwa Burma mwaka 1944 kwenye bonde la Kabaw, bonde la homa kweli, kinga yao ilikuwa mepakrini, dawa inayogeuza ngozi na macho kuwa ya njano. Wamarekani nao walikuwa wanapima maelfu ya kemikali. Kumbe moja iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa ile ile Resochin ya Andersag. Haikuwa na sumu kama ilivyodhaniwa. Wakaiita klorokwini.

Kama una miaka zaidi ya 35 huhitaji kuelezwa klorokwini. Unaikumbuka kwa muwasho. Mwili mzima unawaka, unajikuna usiku kucha, na mtoto akiambiwa anapewa klorokwini analia kabla haijafika. Lakini ilikuwa rahisi, na ilitibu.

Ilitibu vipi? Kimelea kinakula himoglobini, ile protini nyekundu ya damu yako. Baada ya kula kinabaki na hemu, kipande chenye chuma ambacho ni sumu kwake. Basi kinakifungafunga kuwa fuwele ngumu zisizo na madhara, kama nyumba inayokula samaki kila siku na kuyakusanya magamba kwenye ndoo yenye mfuniko. Klorokwini inazuia ule mfuniko. Taka zinamwagika, mdudu anakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Ni mbinu nzuri mno, kwa sababu kimelea hakiwezi kuacha kula.

Hakikuacha kula. Kilijifunza kuitoa klorokwini nje. Badiliko dogo kwenye protini moja, na dawa inasukumwa itoke pale ilipotakiwa kukaa. Usugu huo ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1950 kusini mashariki mwa Asia na Kolombia, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukafika Afrika Mashariki. Agosti 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza, ikaingia SP, ambayo wengi waliiita Fansida kwa jina la kiwandani.

SP ilipendwa: vidonge vitatu mara moja, hakuna muwasho, umemaliza. Lakini nusu yake, pairimethamini, ilikuwa na historia ambayo nchi hii ingepaswa kuikumbuka. Katika miaka ya 1950 daktari David Clyde na wenzake waliwagawia watu dawa hiyo peke yake pale Mkuzi, Muheza, na ndani ya miezi michache tu vimelea sugu vikajitokeza. Yaani onyo lilitoka Tanga karibu miaka 50 kabla. Mwaka 2004 uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba vimelea vingi vyenye usugu mkali wa pairimethamini barani Afrika ni wajukuu wa ukoo uliotoka Asia. Usugu ulivuka bahari kama mizigo mingine.

Ndipo tunafika Mchukwi. Mwaka 1998 ulianza wilayani Rufiji, ambayo wakati huo Kibiti yote ilikuwa ndani yake, mfumo wa kufuatilia watu katika kata sita zinazopakana: Bungu, Ikwiriri, Kibiti, Mchukwi, Mgomba na Umwe. Wahesabuji walipita kila kaya mara tatu kwa mwaka. Nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na alikuwa anaumwa nini. Ukiwa mwanakemia unaweza kuiona hiyo kama kazi ya makarani. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kemia, nitakuambia kwa nini.

Jibu la usugu lilikuwa kuchanganya dawa. Chukulia kwa mfano kwamba kimelea kimoja kati ya bilioni kinazaliwa na badiliko la kuishinda dawa ya kwanza, na kimoja kati ya bilioni la kuishinda ya pili. Mgonjwa mmoja ana mabilioni ya vimelea, kwa hiyo dawa moja peke yake lazima itapata mshindi. Lakini cha kuzishinda zote mbili kwa mkupuo ni kimoja kati ya bilioni mara bilioni. Dawa mpya ya kuchanganya nayo ilikuwa imetoka China. Huko, mwaka 1967 wakati wa vita ya Vietnam, serikali iliagiza utafiti wa siri wa malaria, na Tu Youyou akasoma kitabu cha karne ya 4 kilichosema pakanga ilowekwe na kukamuliwa, si kuchemshwa. Akaelewa kwamba moto ndio uliokuwa unaharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililofanya kazi. Artemisinini ina atomi mbili za oksijeni zilizoshikana pamoja. Zikikutana na chuma cha ile hemu zinavunjika na kuunguza kimelea kutoka ndani. Tu Youyou alipata Nobeli mwaka 2015.

Kwenye karatasi hesabu ya mchanganyiko inakubali. Ila hesabu ya Perkin nayo ilikubali. Kuanzia mwaka 2003 vituo vya afya vya Rufiji vilianza kutoa SP pamoja na atesuneti, ndugu wa artemisinini, huku Kilombero na Ulanga zikiendelea na SP peke yake, ili zilinganishwe. Mradi uliitwa IMPACT-Tz, ukiwahusisha watafiti wa Ifakara, Wizara ya Afya na CDC ya Marekani. Maswali yake hayakuwa ya chupa na mizani. Je, zahanati itakuwa na dawa siku mama atakapofika? Mtoto akipoa siku ya kwanza, zile dozi za siku ya pili na ya tatu atapewa au zitawekwa kabatini kwa ajili ya homa ijayo? Dozi zikiwekwa kabatini, kimelea kinakutana na dawa kidogo kidogo na ile hesabu ya bilioni mara bilioni inavunjika. Hilo hulioni ukiwa Basel au Beijing. Unalijua kwa kwenda mlango kwa mlango, na ndiyo sababu nikasema makarani wale walikuwa ndani ya kemia.

Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi nzima ikaingia kwenye ALu, artemetha na lumefantrini, tunayoiita mseto. Dozi sita kwa siku tatu, na ukumbuke kula kitu chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Maziwa au wali wa nazi unatosha. Na jambo la kushangaza: tangu klorokwini iondolewe, vimelea visivyo sugu kwake vimerudi, Malawi kwanza na baadaye huku pia. Usugu ulikuwa mzigo kwa kimelea, na sababu ya kuubeba ilipoondoka, wasioubeba wakawashinda.

Siku hizi huenda hata usipimwe kwa hadubini. Kile kipimo cha haraka cha mRDT kinakupa mistari dakika 15 hadi 20. Wekundu wa mistari hiyo mara nyingi ni dhahabu, ndiyo, dhahabu, iliyosagika kiasi cha kugeuka nyekundu, jambo ambalo Faraday alilieleza London mwaka 1857, mwaka mmoja tu baada ya zambarau ya Perkin.

Lakini kuna kazi ambayo kipimo hicho hakiiwezi, kwa sababu protini kinayoitafuta hubaki kwenye damu hata mdudu akishakufa. Mkoani Kagera, karibu na Rwanda, vimelea vyenye badiliko linalochelewesha artemisinini kuviua vimekutwa, na utafiti wa wagonjwa uliofanyika Karagwe mwaka 2022 ulithibitisha kwamba usugu huo wa kiasi umeingia Tanzania. Mseto bado unatibu. Namna ya kuufuatilia ni hii: unampa mgonjwa dozi kamili mbele ya macho yako, na siku ya tatu unamchoma kidole tena. Shirika la Afya Duniani huanza kushtuka wenye vimelea siku hiyo wakizidi asilimia 10. Na vimelea hivyo vya siku ya tatu vinatafutwa kwa kupaka damu kwenye kioo, kuiacha ikauke, na kuitia Giemsa.